Barua ya wazi kwa wakuu wa afya na elimu: Foleni yenu inawala watoto wetu umri

Waheshimiwa,

Salamu kwenu nyote. Barua hii ni yenu ninyi mnaopanga bajeti za kliniki, mnaoandika miongozo ya wauguzi na walimu, na mnaoamua mtoto gani aanze shule na yupi arudishwe nyumbani. Naiandika nikiwa mama wa mtoto wa miaka mitano mwenye apraksia ya usemi. Nina jambo moja tu, ingawa nitalizungukia kwa njia nyingi: muda ambao mtoto anakaa akisubiri kupimwa na kutibiwa, kwenye vitabu vyenu hauandikwi popote, wakati kwake yeye ndio unaoamua karibu kila kitu.

Apraksia ni neno geni kwa wengi, kwa hiyo niruhusuni nieleze. Ulimi wa mwanangu ni mzima. Anatafuna, anapuliza mapovu ya sabuni, anacheka mpaka anapaliwa. Anasikia, alishapimwa. Na anaelewa: mtume viatu vilivyo chini ya kitanda, si vile vya mlangoni, atakuletea vya chini ya kitanda, na ukijifanya umesahau ulichomtuma atakucheka. Kinachomshinda ni ile kazi ambayo sisi wengine tunaifanya bila hata kujua kwamba tunaifanya, yaani ubongo kupanga mwendo wa ulimi, midomo, taya na pumzi, kwa mfuatano na kwa kasi, ili silabi moja iungane na inayofuata bila kukatika. "Maji" leo asubuhi ni "bai". Jioni ni "adi". Kuna siku neno linamtoka sawasawa kabisa, nyumba nzima tunageuka, na akiombwa alirudie halipati tena.

Hapo ndipo watu wanapomhukumu. "Mbona juzi alisema? Anadeka huyu." Kumbe huko kukosea kwa namna tofauti kila mara ni mojawapo ya alama ambazo wataalamu wanazitumia kuitambua apraksia, pamoja na kusitasita kati ya silabi na silabi, na mkazo wa sauti kukaa pasipo pake. Mtoto anayekosea leo kama alivyokosea jana, mathalani anayesema "t" kila penye "k", huenda ana tatizo jingine, na tiba yake ni nyingine. Ndiyo maana tunadai mtaalamu. Jicho la jirani halitoshi, na wakati mwingine hata jicho la daktari wa kawaida halitoshi.

Mtaniambia apraksia ni adimu. Ni kweli, makadirio yanayotajwa ni mtoto 1 au 2 kati ya 1,000. Lakini foleni niliyokaa mimi haikuwa ya apraksia peke yake. Nimekaa benchi moja na mama wa mtoto mwenye kigugumizi, na kigugumizi huwapata takriban watoto 5 kati ya 100 katika kipindi fulani cha utoto, aghalabu kati ya miaka 2 na 5. Nimekaa na baba wa mtoto aliyezaliwa na mpasuko wa kaakaa; mipasuko ya mdomo na ya kaakaa ikihesabiwa pamoja humpata takriban mtoto 1 kati ya 700. Mpasuko ulishashonwa vizuri, lakini sauti bado inatokea puani na hakuna aliyemwambia baba huyo kwamba baada ya upasuaji kuna kazi ya usemi. Wapo pia watoto ambao matamshi yao hayana kasoro, ila lugha yenyewe haiwashiki: hawapati maneno, hawaungi sentensi, hawaelewi maagizo marefu. Hao ni takriban asilimia 7, yaani wawili katika darasa la watoto 30. Hao wa mwisho ndio wanaoonekana kirahisi kuwa wakaidi au wazito wa akili, kwa sababu hakuna cha kusikia wala cha kuona. Sitawajumlisha wote hawa, maana mtoto mmoja anaweza kuwa na mawili kwa pamoja, lakini adimu si neno la kutumia hapa.

Sasa nije kwenye kusubiri. Tulipompeleka mara ya kwanza alikuwa hajatimiza miaka miwili na nusu. Tuliambiwa tusubiri, wavulana huchelewa, atasema tu. Tukarudi, tukaambiwa tusubiri mpaka atimize miaka mitatu. Alipotimiza, tukaandikiwa rufaa, na rufaa nayo ina foleni yake. Simlaumu muuguzi aliyetuambia hivyo. Aliyoyasema yana msingi, kwa sababu watoto wengi wanaochelewa kuongea hushika kasi wenyewe bila tiba, na hata kigugumizi cha utotoni huwaachia wengi wao, takriban watatu kati ya wanne. Tatizo ni kwamba hakuna mtu anayeweza kumtazama mtoto wa miaka miwili kwa dakika tano akajua huyu ni wa kundi lipi. Kumsubiri mtoto huku kuna mtu anayemfuatilia, aliyeandika anasema maneno mangapi leo na atakayemwuliza tena baada ya miezi mitatu, hiyo ni sehemu ya tiba na sina ugomvi nayo. Kumsubiri bila tarehe ya kurudi ni kumtelekeza kwa lugha ya adabu.

Na kumfuatilia hakuhitaji mashine. Kadi ya kliniki ya mwanangu ina nafasi ya uzito, ya urefu na ya kila chanjo. Ya usemi haina hata mstari mmoja. Ungetosha huu: akiwa na miaka 2, je, ana maneno kama 50, na anaunganisha mawili, "baba njoo", "sitaki hii"? Mtu asiye wa nyumbani anamwelewa kiasi gani? Kwa kawaida mgeni humwelewa mtoto wa miaka 2 nusu ya anayosema, wa miaka 3 robo tatu, na wa miaka 4 karibu yote. Muulizeni mgeni, msituulize sisi. Mimi namwelewa mwanangu kwa macho, kwa bega, kwa namna anavyovuta pumzi kabla ya kuongea, na kwa hiyo ushahidi wangu hapo haufai.

Kipimo cha kusikia kiwe cha kwanza, kila mara, kwa kila mtoto anayechelewa kuongea. Hata kama anageuka mlango ukigongwa. Maji yakijikusanya nyuma ya ngoma ya sikio, mtoto husikia leo na kesho asisikie vizuri, na mzazi hawezi kujua. Kwa watoto wachanga kanuni inayofuatwa na wataalamu wa masikio iko wazi: achunguzwe kabla ya mwezi 1, tatizo likionekana lithibitishwe kabla ya miezi 3, msaada uanze kabla ya miezi 6. Miezi sita! Wanetu sisi katika miezi sita hawajapata hata barua ya rufaa.

Foleni ikiwa ndefu, nafasi yake haibaki tupu. Huingia ushauri wa kila aina. Sisi tulishauriwa mtoto akatwe uzi wa chini ya ulimi, na aliyeshauri alikuwa amevaa koti jeupe. Uzi mfupi unaweza kumtatiza mtoto mchanga kunyonya, hilo linajulikana, lakini ushahidi kwamba ndio unaochelewesha usemi ni dhaifu mno, na kwa mtoto mwenye apraksia kuukata hakugusi kabisa mahali penye tatizo. Wengine waliambiwa wamwachishe mtoto lugha ya nyumbani abaki na ya shule peke yake, eti mbili zinamchanganya. Kuishi na lugha mbili hakuleti ugonjwa wa usemi. Kinachotokea ukifuata ushauri huo ni kwamba mtoto ambaye tayari kuongea kunamshinda anapoteza na mazungumzo ya bibi yake. Mwongozo wa ukurasa mmoja kutoka ofisini kwenu ungeyazima haya yote, nami sielewi kwa nini haujaandikwa mpaka leo.

Tuseme foleni imefika, mtoto ameitwa. Naomba mjue kinachofanyika ndani ya chumba kile, kwa sababu nahisi bajeti zenu zinaandikwa na watu ambao hawajawahi kukaa humo. Mtaalamu anakaa chini, uso wake usawa wa uso wa mtoto. Anasema "mu" taratibu sana, na mtoto anasema pamoja naye, kwa wakati uleule, akimtazama mdomoni. Wakishalipata mara kadhaa, mtaalamu anapunguza sauti, anabaki anachezesha midomo tu. Kisha anasema yeye kwanza, mtoto anafuata. Kisha ananyamaza kidogo kabla ya kumruhusu mtoto ajibu, ili ubongo ushike mpango wenyewe bila kuegemea. Likikwama anamgusa midomo kumwonyesha pa kukutanisha, wanarudi nyuma hatua moja, wanaanza tena. Neno moja, labda "mama", labda "nataka", linarudiwa mara nyingi mno katika kikao kimoja. Mwanangu akitoka hapo ana jasho shingoni.

Tiba ya namna hii hufanya kazi kwa wingi wa marudio na ukaribu wa vikao. Mwaka 2007 chama cha kitaalamu cha Marekani cha usemi, lugha na usikivu kilitoa taarifa yake kuhusu apraksia ya utotoni, na humo kinataja vikao 3 hadi 5 kwa wiki, mtoto mmoja mmoja. Sisi tulipangiwa kimoja kwa mwezi. Kikao kimoja kwa mwezi kinawawezesha ninyi kuandika kwenye ripoti kwamba mtoto anahudumiwa. Kinywani mwake hakibadilishi kitu, kwa sababu kati ya kikao na kikao anayasahau yote.

Mtanijibu kwamba wataalamu ni wachache, na hawazalishwi kwa usiku mmoja. Najua. Basi somesheni wengine, ajirini, na huku tukiwangojea hao wapya, watumieni waliopo kwa akili. Mtaalamu mmoja anayemwona mtoto mara moja kwa mwezi, bila kumfundisha mzazi lolote, anapoteza muda wake na wetu. Mtaalamu yuleyule akitumia kikao hicho kunionyesha mimi maneno matano ya mwezi huu, namna ya kukaa, lini nimsaidie na lini ninyamaze, nami nikayafanya nyumbani dakika kumi asubuhi na kumi jioni, hapo mwezi una maana. Haitakuwa sawa na vikao vinne kwa wiki, na msije mkaichukua sentensi hii kuwa ruhusa ya kutotuajiria wataalamu. Nasema tu kwamba hata kwa umaskini wa sasa kuna kitu kinaweza kufanyika, na hakifanyiki kwa sababu hakuna aliyeagizwa kukifanya. Ratiba ya mtaalamu haina nafasi ya kumfundisha mzazi. Ina nafasi ya idadi ya watoto walioonwa.

Kuna jambo jingine ambalo lisingepaswa kungoja hata siku moja, nalo ni kumpa mtoto njia nyingine ya kusema wakati sauti haijaja. Ubao wa picha. Ishara za mikono. Kompyuta ndogo ya kushika inayotamka ukigusa picha, pale inapopatikana. Wazazi wengi wanaogopa, na nimewasikia hata watu wa kliniki wakituongezea hofu hiyo, kwamba mtoto akizoea picha atakuwa mvivu wa kuongea. Jambo hili lilishachunguzwa. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2006 yaliwatazama watu 27 wenye ulemavu wa ukuaji waliofundishwa njia hizo, na hakuna hata mmoja aliyepungua usemi. Asilimia 89 waliongeza, waliobaki hawakubadilika. Mwanangu alipopata karatasi yake ya picha, ya kwanza aliyoikimbilia ni "sitaki". Aliitumia wiki nzima kwa kila kitu, kuoga, kulala, kuvaa sweta, mpaka tukachoka nayo. Miaka yake yote alikuwa hana njia ya kukataa isipokuwa kujitupa chini, na majirani walishampa jina kwa ajili hiyo.

Ya pili ilikuwa picha ya sikio. Aliigusa, kisha akagusa "inauma". Homa ilikuwa bado haijapanda. Kabla ya hapo maumivu ya sikio tulikuwa tunayajua usiku wa manane, kwa kilio.

Nimetaja maumivu kwa makusudi, kwa sababu kuna maumivu mengine. Mwaka 2012 jarida la Lancet lilichapisha uchambuzi wa tafiti za nchi mbalimbali kuhusu ukatili kwa watoto wenye ulemavu. Uwezekano wa watoto hao kutendewa ukatili ulionekana kuwa mara 3.7 ya wenzao. Kila mwovu anajua nani hawezi kusema. Kwa hiyo naomba ubao wa picha wa kila mtoto asiyeweza kuongea uwe na sehemu zote za mwili, zote, na uwe na picha za kumaanisha "amenipiga", "amenishika" na "naogopa". Na ukae mahali anapoufikia mwenyewe. Nimewahi kuukuta wa mtoto mmoja umefungiwa kabatini na mwalimu, "usichafuke".

Hapo nimeshafika shuleni. Mwanangu alipelekwa kwenye usaili wa darasa la awali. Mwalimu alimwuliza jina. Akafungua mdomo, ulimi ukatafuta, haukupata. Akaulizwa hii ni rangi gani. Akaonyesha fulana yake mwenyewe, ambayo ilikuwa ya rangi hiyohiyo. Kwenye fomu, mbele ya "rangi", mwalimu akaandika "hajui". Nilimwomba amwambie achague nyekundu katika kalamu zilizokuwa mezani. Akanieleza, kwa upole kabisa, kwamba fomu inataka jibu la mdomo.

Fomu hiyo ni yenu. Mwalimu yule hakuibuni. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu wa mwaka 2006, ambao nchi nyingi mno duniani zimeuridhia, katika ibara ya 2 unahesabu maandishi, ishara na njia nyingine mbadala kuwa mawasiliano kamili, na katika ibara ya 24 unazitaka serikali zimpe mtoto marekebisho anayoyahitaji ili asome pamoja na wenzake. Kubadili "ataje" kuwa "ataje au aonyeshe" kwenye fomu ni marekebisho ya wino tu. Lifanyeni pia kwenye mitihani ya kusoma kwa sauti: mtoto wa namna hii anaweza kusoma kimya na kuelewa, kisha akapewa sifuri kwa sababu ya kinywa. Msilichukulie hilo, hata hivyo, kuwa watoto hawa hawahitaji msaada wa kusoma. Wengi wanauhitaji, kwa kuwa anayehangaika kuzipanga sauti mdomoni mara nyingi huhangaika kuzioanisha na herufi, na mwalimu wa darasa la kwanza anapaswa kulijua hilo mapema badala ya kuligundua mwisho wa mwaka.

Kwa wenye kigugumizi naomba jambo dogo ambalo halina gharama yoyote. Mwalimu akiita majina, aruhusu kunyosha mkono. Mtoto mwenye kigugumizi anayesubiri zamu yake ya kusema "nipo" anaanza kuhesabu majina yaliyobaki tangu la kwanza, na neno lile haliwezi kubadilishwa kwa jingine wala kucheleweshwa. Baadhi yao huchelewa shule kwa makusudi ili orodha iwapite. Kisha wanaadhibiwa kwa kuchelewa.

Msinijibu kwamba suala limepokelewa na linafanyiwa kazi. Ninaomba mnijibu kwa maandishi, na jibu liwe na tarehe: lini mstari wa usemi utaingia kwenye kadi ya kliniki, pamoja na agizo la kipimo cha kusikia, muda wa juu kabisa, kwa wiki, ambao mtoto mwenye rufaa ya usemi atasubiri, na nani wa kuulizwa ukipita, na lini fomu ya usaili itabadilishwa. Hilo la tatu linawezekana kabla ya muhula ujao. Usajili unakaribia, na nitampeleka tena kwenye shule ileile, akiwa na ubao wake wa picha mkononi.

Wenu,
Mama wa mtoto wa miaka mitano